Barua na Magomvi ya Wanafalaki wa Ulaya, 1580–1720: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vitabu vya shule hutupa kanuni za Kepler, miezi ya Galileo na mvutano wa Newton bila kutaja jasho wala machozi, kana kwamba waliovigundua walikaa baraza moja wakikubaliana. Barua zao zinasimulia mengine: madai, wivu, heshima ya kweli, na tuhuma za wizi. Nayapenda maandishi hayo, na naona chanzo cha sehemu kubwa ya magomvi ni swali ambalo enzi ile halikuwa na hakimu: jambo uliloliona au kulifikiria linahesabika kuwa lako tangu lini?

Kwa nini barua zilikuwa na uzito mkubwa hivyo?

Majarida ya kisayansi hayakuwepo hadi mwaka 1665. Kitabu kilichukua miaka kuandikwa na kilikula fedha nyingi kuchapwa, ilhali barua ilifika baada ya majuma machache. Tena haikuwa siri ya watu wawili. Mpokeaji aliisoma mbele ya wenzake, akainakili, na nakala ikaenda mji mwingine. Mwandishi alilijua hilo, ndiyo maana alipima kila sentensi. Tarehe aliyoiweka kwenye karatasi ingeweza kuwa ushahidi wake miaka ishirini baadaye.

Palikuwa na watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kupitisha barua. Jijini Paris alikuwepo Marin Mersenne, mtawa aliyewaunganisha wasomi kama Descartes, Torricelli na Huygens kijana hadi alipofariki mwaka 1648. Aix, kusini mwa Ufaransa, alikuwepo Peiresc, aliyeacha barua zipatazo 10,000. London alikuwepo Henry Oldenburg, mzaliwa wa Bremen, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, na mwanzilishi wa jarida la Philosophical Transactions. Kuandikiana sana na watu wa nje kulimponza: mwaka 1667, wakati wa vita na Waholanzi, alishukiwa na kufungwa katika ngome ya Tower of London kwa takriban miezi miwili. Baadhi ya barua alielekeza ziandikwe kwa jina la "Grubendol". Ni Oldenburg, herufi zimepanguliwa.

Waliandikiana kwa lugha gani?

Kilatini zaidi, kwa kuwa Mdenmaki, Mjerumani na Mwingereza wote walikisoma shuleni. Galileo alipenda kubishana kwa Kiitaliano ili wasomaji wa nyumbani wamfuate. Waingereza Hooke na Newton waliandikiana Kiingereza.

Ni kweli walifichiana uvumbuzi kwa mafumbo ya herufi?

Ni kweli, na wala halikuwa jambo la mzaha. Mtu alichukua sentensi ya Kilatini inayotaja uvumbuzi wake, akazivuruga herufi, akatuma. Mwingine akigundua jambo lilelile, wa kwanza alifungua fumbo na kudai nafasi yake. Akigundua kwamba amekosea, alinyamaza tu.

Mwaka 1610 Galileo aliiona Zohali kama sayari yenye miili mitatu. Akapeleka Prague mfuatano wa herufi 37, akaacha watu wahangaike nao. Kepler alijitahidi akapata sentensi ya Kilatini isemayo Mirihi ina miezi miwili. Alikuwa amepotea kabisa, ingawa miezi miwili ya Mirihi ilikuja kuonekana kweli mwaka 1877. Galileo alitoa jibu Novemba mwaka huohuo.

Huygens alifanya vivyo hivyo mwaka 1656 kuhusu pete ya Zohali, akaifichua mwaka 1659. Hooke aliificha kanuni yake ya springi mwaka 1676 ndani ya herufi "ceiiinosssttuv", akaifungua miaka miwili baadaye: mnyumbuko hulingana na nguvu. Desturi hii ilimlinda mgunduzi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Kwa miaka mitatu mtu mmoja alijua umbo la Zohali huku wengine wakiendelea kupapasa.

Je, Kepler na Galileo walikuwa marafiki?

Kepler alitamani sana wawe marafiki. Nakala za kitabu chake cha kwanza zilipofika Padua mwaka 1597, Galileo alijibu Agosti 4 kwamba yeye pia alikuwa ameikubali hoja ya Copernicus, kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, tangu miaka mingi, ila hakuthubutu kuitangaza kwa kuogopa kuchekwa kama Copernicus mwenyewe alivyochekwa. Kepler alifurahi mno. Oktoba akamwandikia kumhimiza ajitokeze hadharani, na akamwomba ampimie nyota fulani. Galileo hakujibu. Ukimya ule uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1610 Galileo alitangaza miezi minne ya Mshtarii, na wasomi wengi wakamwita mwongo. Kepler, aliyekuwa mwanahisabati wa Kaisari mjini Prague, alimuunga mkono kwa barua ndefu aliyoichapa, kabla hata hajapata darubini nzuri ya kuthibitisha. Alihatarisha jina lake kwa mtu aliyewahi kumpuuza. Galileo alimshukuru Agosti mwaka ule, akikiri kwamba Kepler alikuwa wa kwanza, na karibu wa pekee, kumwamini. Lakini darubini hakumtumia. Kepler aliiona miezi ile mwishoni mwa Agosti kwa chombo cha kuazima, ambacho Galileo alikuwa amempelekea askofu mkuu wa Köln.

Baada ya hapo mambo yakapoa tena. Galileo hakuwahi kuzipokea njia za duaradufu, yaani za duara lililorefuka, ambazo Kepler alisema sayari huzifuata, na katika kitabu chake cha mwaka 1632, Kepler akiwa amekwishafariki, alimlaumu kwa kuamini kwamba mwezi ndio unaovuta maji ya bahari. Watu wa pwani wanaopanga safari za uvuvi kwa bamvua na maji mafu wanajua nani alikuwa sahihi hapo.

Ugomvi wa Tycho na Ursus ulianzaje, na Kepler aliingiaje?

Tycho Brahe, mwungwana wa Denmark, alikuwa na kituo cha kupimia nyota kwenye kisiwa cha Hven. Mwaka 1584 alifika huko Nicolaus Reimers, aliyejiita Ursus, mtu aliyetoka ufukarani na kujisomesha mwenyewe. Mwaka 1588 kila mmoja alichapa mfumo wa ulimwengu unaofanana na wa mwenzake: sayari zinalizunguka jua, nalo jua linaizunguka dunia. Tycho alisema Ursus aliiba kwenye karatasi zake alipokuwa mgeni. Ursus alijibu kwa kitabu kilichojaa matusi, hadi pua ya Tycho iliyokatwa kwenye pambano la panga ikatajwa.

Kepler alinaswa kwa sababu ya adabu. Mwaka 1595, akiwa mwalimu asiyejulikana, alimwandikia Ursus barua ya kumsifu kupita kiasi, kama vijana walivyowaandikia wakubwa. Ursus aliihifadhi, kisha mwaka 1597 akaichapa bila ruhusa ndani ya kitabu kile cha kumshambulia Tycho. Wakati huohuo Kepler alikuwa akitafuta nafasi kwa Tycho. Ilibidi aombe radhi, na alipofika Bohemia mwaka 1600 Tycho alimpa kazi ya kuandika utetezi dhidi ya Ursus. Aliuandika bila hamu, ila hakuweza kuandika kitu kibovu: humo mna hoja nzito kuhusu namna ya kupima kama nadharia ni ya kweli au ni chombo cha hesabu tu. Ursus na Tycho walifariki kabla haujachapwa, na haukutoka hadi karne ya 19.

Je, Kepler alimuua Tycho kwa sumu?

Hapana. Uvumi huo ulivuma sana, na mwaka 2010 kaburi la Tycho mjini Prague lilifunguliwa. Vipimo vilionyesha kwamba zebaki iliyokuwemo mwilini haikutosha kuua.

Basi aliiba vipimo vyake?

Hapa jibu si jepesi, na ushahidi mkubwa ni wa Kepler mwenyewe. Katika barua ya mwaka 1605 alikiri kwamba Tycho alipofariki, Oktoba 1601, alitumia nafasi ya warithi kutokuwepo au kutokuwa makini, akazichukua kumbukumbu za vipimo, pengine kwa kujitwalia. Warithi, wakiongozwa na mkwe wa Tycho, Franz Tengnagel, walizihesabu kuwa mali, na Kaisari alikuwa ameahidi kuzinunua kwa thaler 20,000 ambazo hakuzilipa zote. Kepler hakuruhusiwa kuchapa bila ridhaa yao. Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1609 kuhusu Mirihi kinafunguliwa na maneno ya Tengnagel ya kumwonya msomaji.

Nawaelewa warithi. Nafurahi pia kwamba Kepler hakusubiri. Katika hesabu zake za Mirihi alibakiwa na kosa la dakika 8 za pembe, karibu robo ya upana wa mwezi mpevu. Kwa vipimo vya mtu mwingine angelipuuza. Kwa kuwa vilikuwa vya Tycho, alikataa kulipuuza, na hilo ndilo lililomfikisha kwenye duaradufu.

Simon Marius aliiona miezi ya Mshtarii kabla ya Galileo?

Mwaka 1614 Marius, mwanafalaki Mjerumani, aliandika kwamba kumbukumbu yake ya kwanza ilikuwa ya Desemba 29, 1609. Alikuwa akitumia kalenda ya zamani. Kwa kalenda ya Galileo siku hiyo ni Januari 8, 1610, yaani siku moja baada ya Galileo. Galileo alimwita mwizi mbele ya watu mwaka 1623, na kwa maoni yangu alimwonea. Majina Io, Europa, Ganymede na Callisto tunayoyatumia leo yalitoka katika kitabu cha Marius.

Kuna ugomvi uliosuluhishwa kwa heshima?

Kidogo, ule wa Hooke na Hevelius. Johannes Hevelius wa Danzig, ambayo leo ni Gdańsk, alipima nyota kwa macho matupu kwenye ala kubwa, bila darubini ya kulengea. Mwaka 1674 Robert Hooke alichapa mashambulizi, akidai kwamba kupima hivyo mwaka ule ni kupoteza muda. Royal Society ikamtuma Edmond Halley, kijana wa miaka 22, akaone mwenyewe. Alifika Danzig Mei 1679, akapima usiku kwa usiku sambamba na mzee, akaandika barua ya kuthibitisha kwamba vipimo vya Hevelius ni sahihi kuliko alivyotarajia. Septemba mwaka uleule nyumba na kituo cha Hevelius viliteketea kwa moto. Hooke alikuwa sahihi kuhusu siku za mbele, maana darubini ilishinda. Hevelius naye alikuwa sahihi kuhusu jicho lake.

Hooke na Newton waligombania nini hasa?

Waligombania mara mbili, na ugomvi wa pili ulijengwa juu ya wa kwanza.

Februari 1672 Newton alimpelekea Oldenburg barua kuhusu mwanga na rangi. Hooke, aliyehesabika kuwa mtaalamu wa Royal Society katika jambo hilo, aliisoma kwa haraka akaikosoa kwa sauti ya mkubwa anayemsahihisha mwanafunzi. Newton hakuusahau ukosoaji ule. Kitabu chake cha mwanga kilitoka mwaka 1704, mwaka mmoja baada ya Hooke kufariki.

Novemba 1679 Hooke, akiwa sasa katibu baada ya kifo cha Oldenburg, alimwandikia Newton kwa upole akitaka mawasiliano yafufuliwe. Akamwomba maoni yake juu ya wazo hili: mwendo wa sayari ni mwendo ulionyooka ambao mvuto kuelekea katikati unaupinda kila wakati. Newton alijibu kwa kuchora njia ya jiwe linaloanguka, akakosea. Hooke aliisoma barua ile mbele ya chama na kumsahihisha hadharani. Januari 6, 1680, aliongeza kwamba anadhani mvuto hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Newton hakumjibu tena hoja hiyo.

Januari 1684 Hooke, Halley na Christopher Wren walizungumza habari hizo London. Hooke alidai anao uthibitisho. Wren aliahidi kitabu cha shilingi 40 kwa atakayeuleta katika miezi miwili, na hakuna aliyeuleta. Agosti Halley alikwenda Cambridge kumuuliza Newton: mvuto ukiwa hivyo, njia ya sayari itakuwa na umbo gani? Newton akajibu papo hapo kuwa ni duaradufu, kwani alishalikokotoa. Hesabu zilifika kwa Halley Novemba, zikakua zikawa Principia, kitabu chake kikuu kuhusu mwendo na mvutano, cha mwaka 1687.

Mei 1686 Halley alimwarifu Newton kwamba Hooke anataka atajwe. Jibu la Juni 20 ni moja ya barua kali zaidi nilizowahi kusoma. Newton aliifananisha falsafa na mwanamke mpenda mashtaka, ambaye ukijihusisha naye ni sawa na kuingia kesini, akatishia kuizuia sehemu ya tatu ya kitabu, ile yenye mfumo wa ulimwengu. Halley alimtuliza kwa barua moja baada ya nyingine. Kisha akalipia uchapaji kwa fedha zake, kwa sababu chama kilikuwa kimemaliza akiba yake kwenye kitabu cha samaki. Bila Halley tusingekuwa na Principia kama tunavyoijua.

Hukumu yangu: Hooke alimpa Newton swali lililowekwa sawasawa, na alistahili kutajwa kwa ukarimu zaidi ya mstari aliopewa. Lakini uthibitisho ulikuwa wa Newton, na kati ya kudhani na kuthibitisha pana safari ndefu ambayo Hooke hakuiweza.

Maneno ya Newton ya "kusimama juu ya mabega ya majitu" yalikuwa dhihaka kwa ufupi wa Hooke?

Siamini. Yamo katika barua ya Februari 1676, ambayo ni jibu la barua ya Hooke ya kutaka amani, na sauti yake yote ni ya adabu. Msemo wenyewe ulikuwa wa zamani, tangu karne ya 12.

Flamsteed alitendewa nini?

Swali hili linanigusa kuliko mengine, kwa sababu linahusu mtu aliyefanya kazi ya mikono.

John Flamsteed aliteuliwa mwaka 1675 kuwa mwanafalaki wa kwanza wa mfalme, Greenwich. Mshahara ulikuwa pauni 100 kwa mwaka, na ala hakupewa. Nyingi alizinunua mwenyewe, likiwemo tao kubwa la ukutani lililokamilika mwaka 1689. Mapema alimwonyesha Newton uwezo wake: mwaka 1681 alishikilia kwamba nyotamkia iliyoonekana Novemba 1680 na ile ya Desemba ni moja iliyogeuka karibu na jua. Newton alibisha, na baada ya miaka kadhaa akakubali.

Kuanzia mwaka 1694 Newton alihitaji vipimo vya mwezi ili kukamilisha nadharia yake. Flamsteed alimpa vingi, kwa sharti kwamba visisambazwe. Alitaka orodha yake ya nyota itoke ikiwa imekamilika, kwa mpangilio wake na jina lake. Newton alimwona mchelewaji. Barua zao zilianza kuwa fupi na kali. Newton alipokuwa rais wa Royal Society alipata nguvu ya serikali, na mwaka 1712 vipimo vilichapwa bila ridhaa ya Flamsteed, vikihaririwa na Halley, ambaye Flamsteed hakumvumilia hata kidogo. Katika toleo la pili la Principia, mwaka 1713, jina la Flamsteed lilifutwa mahali pengi.

Nakala 400 zilikuwa zimechapwa. Upepo wa siasa ulipogeuka, Flamsteed alikabidhiwa 300 zilizobaki. Mwaka 1716 alitenga kurasa zilizokuwa sahihi, na nyingine akazitia moto, akiita tendo hilo sadaka kwa ukweli wa mbinguni. Alifariki mwaka 1719. Mjane wake Margaret, pamoja na wasaidizi Joseph Crosthwait na Abraham Sharp, walichapa kazi yake halisi mwaka 1725, majuzuu matatu, yenye orodha ya nyota zinazokaribia 3,000. Halley alirithi cheo mwaka 1720 akakuta kituo kitupu: Margaret alikuwa ameondoa ala zote, maana zilikuwa mali ya mumewe.

Wako wanaosema umma ulilipa, kwa hiyo umma ulikuwa na haki ya vipimo. Umma haukulipia tao la ukutani. Na kama wangemwacha amalize, tungepata orodha iliyo bora bila aibu ile.

Nani alitangulia kupata kalkulasi, Newton au Leibniz?

Newton aliipata kwanza hisabati hiyo ya mabadiliko, miaka ya 1665 na 1666, akaiweka bila kuichapa. Leibniz, msomi Mjerumani, aliipata kwa njia yake mwaka 1675, akaichapa mwaka 1684. Mwaka 1676 Newton alimpelekea Leibniz barua mbili kupitia Oldenburg, ya pili ikiwa na kiini cha mbinu yake kilichofichwa katika fumbo la herufi, kwa hiyo Leibniz asingeweza kunufaika nalo. Baadaye wafuasi walichochea moto. Mwaka 1712 Royal Society iliunda kamati ya uchunguzi, ikamlaumu Leibniz kwa kutumia rundo la barua za zamani kama ushahidi. Ripoti iliandikwa na Newton, rais wa chama hichohicho, kisha akaichambua kwa sifa katika jarida la chama bila kuweka jina lake. Siwezi kuliita hilo haki. Alama za Leibniz ndizo wanafunzi wetu wanazoandika leo.

Wanawake walikuwa wapi katika haya yote?

Walikuwa kazini. Elisabeth Hevelius alipima nyota pamoja na mumewe Danzig, na baada ya kifo chake alichapa mwaka 1690 orodha yao ya nyota zaidi ya 1,500. Maria Winkelmann aligundua nyotamkia Berlin mwaka 1702, na taarifa ikatoka kwa jina la mumewe, Gottfried Kirch. Mume alipofariki mwaka 1710 aliomba kazi ya kutengeneza kalenda katika Akademia ya Berlin, kazi aliyokuwa akiifanya tayari. Leibniz alimtetea, lakini Akademia ilikataa kwa hofu ya kuweka mfano.

Barua hizo ziko wapi, na bado zinatoa jambo jipya?

Karatasi za Kepler zilinunuliwa na Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, na ziko St Petersburg. Za Leibniz ziko Hannover. Za Flamsteed ziko Cambridge, chuo kilekile cha Newton.

Jambo jipya kubwa lilipatikana mwaka 2018. Desemba 21, 1613, Galileo alimwandikia rafiki yake Castelli kwamba maandiko matakatifu hayapaswi kuamua mambo ya falaki. Mwaka 1615 nakala ilifikishwa kwa mahakama ya kanisa huko Roma. Galileo alilalamika kwamba maadui wameichafua, akapeleka toleo la upole akisema ndilo la asili. Barua yenyewe ilikutwa katika maktaba ya Royal Society, imeorodheshwa kwa tarehe isiyo sahihi. Maneno makali yamo, yamekatwa, na ya upole yameandikwa juu yake kwa mkono wa Galileo.